Kuchuma

Fomu inataka alama moja tu.
Kisanduku cha kushoto: starehe.
Kisanduku cha kulia: biashara.
Kalamu ya ofisi imefungwa kwa kamba,
haifiki kulia
mpaka uinamishe bega zima.

Droni yangu imekaa kwenye mzani wao
kama kuku aliyefungwa miguu.
Gramu mia nane na kumi na mbili.
Mundhir, karani, anaandika uzito,
anaipindua, anaitafuta namba ya kiwandani
kwa taa ya simu.
Unarushia wapi?
Ibra, nasema. Juu ya mitende, kando ya falaji.
Unamrushia nani?

Hapo nikakwama.

Maana nilianza kwa kujirushia mwenyewe.
Alfajiri, kabla ya zamu yangu ya zahanati,
naipandisha hadi kuta za udongo za mtaa wa zamani
zinabaki chini kama mkate ulioumwa,
na naliona paa letu, tangi la maji,
shuka niliyosahau kuianua.
Siendi juu kupita kiasi.
Sisimami juu ya ua wa mtu.
Hiyo ni starehe, hata wao wanakubali.

Lakini mwezi wa saba Bi Rayya alibisha hodi.
Fukusi wekundu wameingia shambani mwake,
wanaitafuna mitende kwa ndani, kimya kimya,
na Shafiqul, mpandaji wake, amevunjika kifundo.
"Mtume huyo mdudu wako
akanitazamie wadudu wangu."
Nikamtuma.
Alisimama hewani juu ya mtende mmoja mmoja,
na sisi chini, vichwa viwili kwenye kioo kimoja,
tukayaona makuti ya katikati yameinama
kama miavuli iliyovunjika mbavu.
Saba. Bi Rayya alihesabu kwa vidole,
akarudia kuhesabu,
akaomba tuangalie tena ule wa mumewe.

Jioni akaleta sinia ya rutabu.
Sinia hairudi tupu;
nikairudisha na vitumbua.
Nani hapo mfanyabiashara?

Nyumbani kwetu, aliyekwea mtende kachuma,
na aliyepokea mshahara kachuma.
Mimi sikukwea, sikupokea hata baisa.
Nikajisemea, midomo ikanisaliti:
Basi nilichuma, au nilichuma?

Mundhir akainua kichwa.
Kiswahili chake kilikuwa cha Bujumbura,
kile cha jikoni kwa mama yake,
kizito kidogo kwenye r.
"Dada, umeruka swali la nne."
Nikacheka peke yangu.
Si ndiyo kosa lililonileta hapa, kuruka?

Swali la nne: jina la mteja, kama yupo.

"Hatuulizi ulipewa nini," akasema.
"Tunauliza nani alikuwa akikungoja chini.
Ukijirushia ukakosea, umeharibu kitu chako,
pengine na dirisha la jirani.
Ukimrushia mtu ukakosea,
atakata mtende mzima, ataacha mgonjwa.
Ndiyo maana ya bima. Ndiyo maana ya mtihani.
Tende ni malipo, dada.
Hata dua ni malipo,
ila hiyo fomu haina pa kuiandika."

Nikainamisha bega.
Kulia.
Kwenye swali la nne nikaandika Rayya binti Sulayyim,
nikaona herufi zinavyojaa nafasi yote,
hakuna pa mteja wa pili.

Ada ikawa mara tatu. Nikapewa ramani
yenye miduara myekundu nisiyoruhusiwa kuingia,
tarehe ya mtihani,
na stika ya namba niibandike tumboni.

Kesho yake Bi Rayya aliisoma ile namba
kwa miwani iliyofungwa uzi sikioni.
"Sasa ina karatasi. Utanitoza?"
Nitakutoza, nikasema. Sinia moja.
Na utapata risiti.

Akaitaka palepale.
Sikuwa na kitabu cha risiti.
Nikamwandikia nyuma ya kasha la panadoli:
mitende arobaini na mmoja, imetazamwa.
Saba, si mizima.
Ule wa mumewe nikauandika peke yake, chini,
bila neno mbele yake,
kwa sababu siku ile upepo ulivuma
na picha ilitikisika.